Mwaka wa Kwanza wa Kovu

Upasuaji wa kupunguza matiti huchukua saa mbili hadi nne. Kovu lake huchukua mwaka mzima kukomaa, pengine mwaka na nusu. Kwa mwanamke wa Singida, saa hizo zitapita Dar es Salaam, Moshi au Dodoma, mikononi mwa daktari bingwa. Mwaka ataumalizia nyumbani, Ilongero, Kiomboi au Manyoni, anakochota maji, anakolima, anakopika kwa kuni na kulala ubavu aliouzoea. Maelezo anayopewa siku ya kuruhusiwa yanahusu zaidi zile saa: dawa za maumivu, siku ya kutoa bandeji, tarehe ya kurudi. Kuhusu mwaka huambiwa neno moja au mawili, na mengine anayaokota kwa majirani na kwenye maduka ya vipodozi. Hapo ndipo makovu mengi yanapoharibikia, na hapo ndipo mengi yangeweza kuokolewa.

Kwanza ieleweke kwa nini mtu akubali kukatwa. Titi kubwa kupita kiasi ni mzigo wa kila siku. Mikanda ya sidiria huchimba mifereji mabegani, shingo na mgongo vinauma, na kwenye kikunjo cha chini ya titi jasho hukaa mpaka ngozi inachubuka na kuota fangasi. Anayeinama siku nzima kupalilia alizeti hubeba mzigo huo kwa mgongo uleule anaouinamisha. Upasuaji huu hufanyika Tanzania, na katika miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imeutangaza waziwazi miongoni mwa huduma zake za upasuaji rekebishi. Wengi wa wanaofanyiwa huridhika, kwa kuwa mgongo hupata nafuu mapema. Lalamiko linalobaki, likibaki, mara nyingi huwa ni kovu.

Umbo la kovu hilo lina historia. Mwaka 1956 daktari wa Marekani, Robert Wise, alichapisha kiolezo cha kuchora mistari juu ya ngozi kabla ya kukata, na mfano wake aliuchukua kwenye vipande vya kushonea sidiria. Fundi cherehani yeyote wa sokoni angekielewa: ukitaka kitambaa bapa kikae vizuri juu ya kitu cha mviringo, unakata pembe, unakutanisha kingo, unashona. Kiolezo hicho, pamoja na marekebisho ya waliomfuata, kinatumika hadi leo. Kinaacha kovu lenye sehemu tatu. Ya kwanza inazunguka duara jeusi la chuchu, ambalo hupunguzwa hadi upana wa sentimita 4 hivi. Ya pili inashuka wima kutoka kwenye duara hadi kikunjo cha chini. Ya tatu inalala ndani ya kikunjo chenyewe, kutoka karibu na mfupa wa kifua hadi upande wa kwapa. Ukiitazama yote kwa pamoja ina sura ya nanga. Titi lisipokuwa kubwa sana, daktari anaweza kuuacha mstari wa kikunjo au kuufupisha. Titi likiwa zito, ngozi ya ziada ni nyingi na nanga haikwepeki.

Sehemu hizo tatu hazina tabia moja, na anayezijua hatashtuka bure. Mstari wa duara hujificha vizuri kwa sababu umepita mahali ambapo rangi ya ngozi hubadilika yenyewe. Lakini damu ikipungua huko wiki za mwanzo, chembe zinazotengeneza rangi hufa, na kwa mwanamke mweusi hubaki alama nyeupe kwenye ukingo wa duara. Baadhi ya alama hizo hujaa rangi tena baada ya miezi. Mstari wa wima ndio unaobeba uzito wa titi, kwa hiyo huelekea kupanuka. Wa kikunjo hauonekani mtu akisimama, maana titi linaufunika, ila ncha zake mbili, ya kifuani na ya kwapani, ndizo zenye hatari kubwa kuliko mahali pengine popote. Tutazirudia. Kisha ipo njia panda, pale mstari wa wima unapokutana na wa kikunjo. Ngozi ya hapo imevutwa kutoka pande tatu, na damu inafika kwa shida kwa kuwa ni ncha za mwisho za vipande vyote. Ndipo mshono unapofunguka mara nyingi kuliko kwingine, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari au mwenye uzito mkubwa. Kidonda kidogo cha hapo, kikiwa hakina usaha wala harufu, kwa kawaida hujifunga chenyewe katika wiki chache kikisafishwa na kufunikwa kwa gozi safi.

Kovu lenyewe ni nini? Ni kiraka ambacho mwili unakifuma kwa vifaa vyake. Siku za kwanza damu huganda, na chembe za kinga huja kusafisha uchafu. Ndio uvimbe na joto vinavyoonekana. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, chembe ziitwazo fibroblasti huanza kumwaga kolajeni, protini ileile inayoipa ngozi uimara wake. Kolajeni hiyo ya mwanzo ni nyembamba na ya haraka. Katika ngozi nzima, nyuzi za kolajeni zimesukwa kwenda kila upande, kama kikapu kilichosukwa: ukivuta huku, ukindu wa kule unashikilia. Katika kovu nyuzi hulala upande mmoja, zikifuata mvutano uliozikuta. Miezi inayofuata, mwili huzifumua na kuzifuma upya, kolajeni nyembamba ikabadilishwa na nene, na mishipa ya damu iliyochipuka kwa dharura ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo haionekani kwa macho, na ndiyo inayochukua mwaka.

Nguvu yake huja polepole. Wiki ya kwanza, mshono haufikii hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Wiki ya tatu umefika takriban asilimia 20. Ikipita miezi mitatu hivi unakaribia asilimia 80, na hapo unakoma. Kovu halirudishi nguvu yote iliyokuwepo. Tatizo ni ile wiki ya tatu. Juu ngozi imeshikana, maumivu yamepungua, na wanaomtazama wanaona mtu mzima. Ndipo ndoo ya lita 20 inaporudi kichwani. Ndoo hiyo ni kilo 20, na ili kuitwika lazima mikono yote miwili ipande juu ya mabega, misuli ya kifua ikaze, na ngozi ya chini ya titi ivutwe kwenda juu wakati titi lenyewe linavuta kwenda chini. Mshono wenye moja ya tano ya nguvu yake ndio unaoshindaniwa hapo. Kutwanga na kulima kwa jembe ni vivyo hivyo, kwa kuwa kila pigo huanzia juu ya kichwa. Mshono usipofunguka, kovu linapanuka kimyakimya, kwa sababu fibroblasti zikivutwa hujibu kwa kumwaga kolajeni zaidi. Madaktari huagiza wiki sita bila kubeba kitu kizito wala kunyanyua mikono juu. Agizo hilo ni sawa kabisa, lakini anayelitoa mara nyingi hajauliza nani atachota maji.

Swali hilo lina nafasi yake kwenye mpango wa upasuaji, kwa sababu upasuaji huu hauna dharura na tarehe yake inaweza kuchaguliwa. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kazi nzito za shamba zimebanwa humo. Anayefanyiwa upasuaji Januari anazitumia wiki zake sita palizi ikiwa imepamba moto, na kila jicho la nyumbani linamwambia kwamba amekaa bure. Anayefanyiwa Juni au Julai amekwisha vuna, hewa ni kavu na ya baridi, jasho ni kidogo, na hadi maandalizi ya mashamba yaanze kovu lina miezi mitatu au zaidi. Kiangazi kina ugumu wake, kwani visima vya karibu hupungua na maji hufuatwa mbali. Kwa hiyo mtu wa kuchota, awe binti, mdogo wa mume au jirani wa kulipwa, apatikane kabla mwanamke hajapanda basi kwenda hospitali. Mume akiwepo, asikie agizo la wiki sita kutoka kwa daktari mwenyewe. Likiletwa nyumbani na mgonjwa, huonekana kama ombi lake.

Na safari ya kurudi ni sehemu ya matibabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni karibu kilomita 700. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na hiyo imeondoa zaidi ya nusu ya mitikisiko. Zilizobaki, kilomita 240 hivi, ni za basi. Mkanda wa kiti usiachwe. Khanga iliyokunjwa mara nne ikiwekwa kati ya mkanda na kifua inatosha kuukinga mshono.

Sasa tulitazame kovu kwa karibu, kama mwenyewe atakavyoliona kwenye kioo. Wiki ya pili ni mstari mwembamba mweusi, wenye magamba makavu na pengine ncha ya uzi inayochomoza. Nyuzi nyingi za ndani huyeyuka zenyewe, na ule unaochomoza hukatwa na muuguzi kwa mkasi safi, hauvutwi. Kwenye njia panda huenda pana unyevu, mahali padogo kama punje ya mahindi. Wiki ya sita mstari umeanza kuinuka. Ukiugusa ni mgumu kama kamba iliyolowa ikakauka, na rangi yake ni zambarau au kahawia nzito kuliko ngozi ya kandokando. Unawasha, hasa usiku na baada ya kuoga. Mwezi wa tatu ndio mbaya kuliko yote: kovu ni nene, linang'aa, linawasha. Mwanamke asiyeambiwa hukata tamaa hapo, akaenda dukani. Aliyeambiwa anajua kwamba amefika kilele, kwa sababu kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita kovu la kawaida huanza kushuka, likalainika, rangi ikafifia. Weusi hukawia kuondoka kwenye ngozi ya Mwafrika, mara nyingine mwaka na zaidi, lakini weusi peke yake, juu ya kovu lililolala na kulainika, si ugonjwa.

Ugonjwa ni jambo jingine, na una sura mbili ambazo watu huzichanganya kwa kuziita zote keloidi. Ya kwanza ni kovu lililotuna: nene, jekundu au jeusi, lenye kuwasha, lakini limebaki ndani ya mipaka ya mshono. Huanza ndani ya wiki chache, na aghalabu hupungua lenyewe katika mwaka au miaka miwili. Ya pili ni keloidi yenyewe, ambayo huvuka mpaka. Huingia kwenye ngozi ambayo kisu hakikuigusa, kama kaa anavyotandaza miguu. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la kucha za kaa, na lilitumiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert. Keloidi inaweza kuchelewa. Miezi mitatu kovu limetulia, mwezi wa tisa likaanza kutambaa, na likishatambaa kwa kawaida halirudi.

Mahali lilipo kovu huamua mengi. Kope la juu ni nadra sana kuota keloidi, maana ngozi yake imelegea. Katikati ya kifua, mabegani, kwenye taya na kwenye ndewe za masikio ndiko keloidi zinakopenda. Ngozi iliyo juu ya mfupa wa kifua huvutwa kwa kila pumzi na kila mkono unaonyanyuka, haipumziki hata usingizini. Kwa sababu hiyo daktari makini huhakikisha mstari wa kikunjo haufiki katikati ya kifua, na mwenye kovu aziangalie ncha zake mbili kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine. Ya ndani imekaribia mfupa wa kifua, na ya nje ipo pale mkono unapoanza kuvuta.

Ngozi nyeusi huota keloidi zaidi kuliko nyeupe, na wengi wamehitimisha kwamba rangi ndiyo chanzo. Utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania, wa wataalamu wa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, RDTC, uliochapishwa mwaka 2015, uliwalinganisha watu wenye ualbino na wasio na ualbino. Keloidi zilikutwa kwa takriban watu 8 katika kila 100 pande zote mbili, tofauti ikiwa ndogo mno. Wenye ualbino hawana ile rangi, lakini wana nasaba ileile. Kinachorithiwa, basi, huenda ni tabia ya fibroblasti, na hilo linaipa familia kazi ya kufanya kabla ya upasuaji. Mwanamke ajitazame na awatazame mama, shangazi na ndugu zake: ndewe zilipotobolewa zilitunaje? Alama ya chanjo ya kifua kikuu begani imebaki bapa au imeota kifundo? Chale, kama zipo, zimelala au zimeinuka? Mshono wa uzazi je? Kila mtu mzima wa Singida amebeba ushahidi huo mwilini mwake. Ndewe safi hazimhakikishii kwamba kifua chake kitakuwa salama. Kifundo kimoja begani, hata hivyo, ni onyo ambalo daktari lazima alisikie kabla ya kuchora mistari. Umri nao unahesabiwa, kwani keloidi hushamiri zaidi kati ya miaka 10 na 30, na ujauzito huweza kuiamsha iliyolala.

Matunzo yenyewe hayahitaji vitu vingi. Mpaka ngozi ifunge kabisa, yaani wiki mbili au tatu, kazi ni usafi na ukavu. Baada ya hapo linaloongoza katika miongozo ya madaktari duniani ni silikoni, iwe karatasi laini inayobandikwa au jeli inayopakwa. Ngozi mpya iliyo juu ya kovu haijajua kuzuia maji yasipotee. Ikikauka hupeleka wito chini, na fibroblasti huitikia kwa kolajeni zaidi. Silikoni huyazuia maji hayo, wito ukanyamaza. Ili ifanye kazi inabidi ikae saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu. Tafiti zake nyingi si imara sana, lakini haina madhara makubwa, na hadi sasa hakuna kitu cha kupaka kilichoishinda kwa ushahidi. Kwenye joto la Oktoba jasho hukusanyika chini ya karatasi na kuleta vipele. Dawa yake ni kuivaa usiku na asubuhi, kuivua mchana wa jua kali, na kuiosha kila siku kwa sabuni isiyo kali. Ni vizuri inunuliwe huko upasuaji ulikofanyika, kabla ya safari ya kurudi.

Asiyeimudu asidhani amekosa kila kitu. Plasta nyembamba ya karatasi, ile inayotumika kubandikia gozi na inayopatikana duka la dawa la kawaida, inafanya kazi iliyo karibu sana na kiini cha tatizo: inashika kingo mbili za ngozi zisivutwe. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005, kwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji, liliwalinganisha waliobandika plasta hiyo juu ya mshono kwa wiki 12 na wasiobandika, na waliobandika walipata makovu yaliyotuna kidogo sana kuliko wenzao. Plasta inabandikwa kwa urefu wa kovu, inaachwa siku kadhaa hata wakati wa kuoga, inabadilishwa ikianza kubanduka. Kwa mwanamke wa kijijini, hili ndilo ningelitanguliza kuliko yote yaliyoandikwa kwenye makopo.

Kuchua huanza wiki ya nne hadi ya sita, kovu likiwa limefunga pote. Kidole kinawekwa juu ya kovu, kinakandamiza mpaka ngozi iliyo chini ipauke kidogo, kisha kinaisogeza kwa miduara midogo bila kuteleza juu yake, dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku. Kuchua hakujathibitishwa kwamba kunazuia keloidi. Kunapunguza muwasho na ukakamavu, na kuna faida nyingine: vidole vinajifunza kovu, vikatambua mapema kinachobadilika.

Mafuta gani ya kuchulia? Hapa Singida ina majibu yake, kwa kuwa mkoa unajulikana nchini kwa vitu vitatu ambavyo vyote vimewahi kupakwa kwenye makovu: alizeti, asali na vitunguu. Mafuta ya alizeti yanafaa. Yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujenga kizuizi chake cha maji, na yakiwa safi hayachubui. Mafuta ya mgando ya dukani nayo yanafaa kwa kiwango hichohicho. Asali inahitaji maelezo zaidi. Kwa vidonda, hasa vya moto vilivyo juujuu, ipo nguvu halisi ndani yake: sukari yake huvuta maji, asidi yake huzuia vimelea, na tafiti zimeonyesha vidonda hivyo hufunga mapema kuliko kwa baadhi ya tiba za kawaida. Lakini asali inayotumika hospitalini imepitishwa kwenye mionzi ili kuua mbegu za bakteria ambazo asali mbichi inaweza kuwa nazo. Asali ya mzinga wa Itigi, hata iwe safi namna gani, isitiwe kwenye mshono uliofunguka. Kwenye kovu lililofunga haina madhara, ila inalainisha tu. Ama vitunguu, dondoo lake limo kwenye krimu nyingi zinazouzwa kwa jina la kuondoa makovu. Majaribio kadhaa yaliyoilinganisha krimu ya namna hiyo na mafuta ya mgando hayakuona tofauti ya maana. Kusugua kitunguu kibichi juu ya ngozi changa ni kuiunguza. Vitamini E nayo ina sifa isiyostahili: mwaka 1999 madaktari wa Miami walichapisha jaribio dogo ambamo haikuboresha kovu, na takriban theluthi ya washiriki walipata vipele vya mzio.

Kinachonitia hofu zaidi kuliko hivyo vyote ni mkorogo. Mwezi wa tatu, kovu likiwa jeusi, mwanamke hushauriwa apake krimu ya kung'arisha. Nyingi zina steroidi kali, na zipo bado zenye haidrokwinoni au zebaki, ingawa vipodozi vya namna hiyo vimepigwa marufuku Tanzania. Steroidi inaweza kufifisha weusi kwa wiki chache. Kisha huifanya ngozi iwe nyembamba kama ganda la kitunguu, michirizi ikatokea, na mshono ambao nguvu yake ilikuwa bado inajengwa ukadhoofika. Steroidi ina nafasi yake katika tiba ya kovu, lakini kwa sindano, kwa kipimo, ndani ya kovu lenyewe.

Kuhusu jua, ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi ambako wanawake huota jua ufukweni umenakiliwa hadi kwetu bila kupunguzwa. Ni kweli kwamba jua hutia kovu changa weusi unaokawia. Kovu hili, hata hivyo, lipo ndani ya nguo, na gauni au khanga nzito inatosha. Pesa za losheni ya jua ni bora zinunue plasta. Khanga inahitaji angalizo moja. Wengi tukiwa nyumbani huifunga kifuani, na fundo lake au ukingo uliokunjwa hukaa upande, karibu na kwapa, juu ya ncha ya nje ya kovu kabisa. Msuguano wa saa nyingi kila siku mahali pale ndio usiotakiwa. Kwa miezi mitatu ya kwanza ifungwe shingoni au ivaliwe juu ya blauzi. Sidiria iwe ya kitambaa laini, isiyo na waya, inayobeba titi lote usiku na mchana kwa wiki sita, na mshono wake usikae kwenye mstari wa kikunjo.

Kovu likikaidi, mapema ndiyo siri. Sindano ya triamsinoloni, inayorudiwa kila wiki nne hadi sita, hupunguza unene na muwasho. Inauma, na inaweza kuacha doa jeupe kwenye ngozi nyeusi, hivyo mgonjwa ajue kabla. Kukata keloidi peke yake bila tiba nyingine ni kuipanda upya: hurudi kwa kati ya asilimia 45 na 100 ya waliokatwa, mara nyingi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Anayeambiwa kwamba itakatwa tu na kwisha aulize kinachofuata baada ya kukata.

Mambo mawili ya ndani ya titi yasichanganywe na kovu la ngozi. Baada ya upasuaji, mafuta yaliyokosa damu yanaweza kuganda yakawa uvimbe mgumu ndani. Mara nyingi hauna hatari, lakini kwa mguso hautofautiki na saratani, kwa hiyo kila uvimbe mpya upimwe. Na kunyonyesha: wapo wanaoweza na wapo wanaopata maziwa pungufu, kulingana na mirija iliyoachwa ikiwa imeungana na chuchu. Msichana anayetarajia kuzaa alizungumze hilo kabla, siyo baada.

Nani ataliangalia kovu mwaka huo wote? Daktari aliyepasua yuko mbali. Aliye karibu ni muuguzi au mganga wa zahanati, na kituo cha Moshi kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa kawaida magonjwa ya ngozi, hivyo inafaa kuuliza kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au ya wilaya kama yupo mmoja wao. Watu hawa hawawezi kusaidia wasichokijua. Kwenye daftari la mgonjwa pawe na sentensi nne za daktari: ni mistari gani ilikatwa, nyuzi gani zilitumika, mgonjwa ana historia ya keloidi au hana, na apelekwe wapi kovu likivuka mpaka.

Mpaka huo unaweza kuchorwa. Wiki ya sita, kovu likiwa limefunga, kipande cha nailoni nyepesi kilichooshwa na kukaushwa kinalazwa juu ya ncha ya ndani, kisha juu ya ncha ya nje, na ukingo wa kovu unafuatishwa kwa kalamu ya wino usiofutika. Tarehe inaandikwa pembeni, nailoni inabanwa ndani ya daftari. Mwezi wa tatu inalazwa tena mahali palepale, na wa sita, na wa tisa, na wa kumi na mbili. Kovu likiwa nene lakini limo ndani ya mchoro, plasta na subira viendelee. Likionekana nje ya wino, hata kwa upana wa punje ya mtama, safari ya kliniki ya ngozi ianze mwezi huohuo, daftari likiwa mkononi.